Kifungu cha Ishirini na Saba

Yaya Masika,

Barua zote ninazoandika huanza na namba juu, kisha neno "Kuhusu", kisha jina la mkubwa fulani na vyeo vyake vyote. Unaijua kazi yangu. Kila siku hapa Butembo watu wanaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine yangu, wananieleza shida yao kwa Kinande ama kwa Kiswahili, na mimi naigeuza kuwa karatasi moja ya Kifaransa yenye heshima. Kwako, dada yangu mkubwa, sijui niweke cheo gani. Nimeacha. Naandika kwa kalamu, kwa lugha tuliyoongea, na kuhusu jambo moja tu: ile karatasi ya wamama wa barrière, kizuizi cha askari. Ulikwenda kabla ya kujua mwisho wake. Nitakueleza ilivyokuwa, pamoja na mahali nilipokukosea.

Ya nyumbani kwanza, kwa kifupi. Shemeji Paluku yuko. Amekonda, lakini anakula. Binti yako Biira amepita darasa. Darasa lako la tano lilipewa mwalimu mwanamume kutoka Kipese, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Watoto wa nyuma hawamsikii. Ramani uliyoichora bado iko ukutani. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa karatasi. Nitaanza na mambo unayoyajua, kwa sababu nataka kuyaandika mara moja kama nilivyoyaona mimi.

Ulikuja Jumamosi. Ulishuka kwenye gari la Beni na mkoba wako wa shule, ukaingia kwangu, ukangoja zamu yako nyuma ya mzee mmoja aliyetaka barua kwa shule ya mjukuu wake. Zamu ilipofika ulitoa daftari la watoto, kurasa nne zimejaa, ukasema, "Leo nimekuya kama mteja." Nilicheka. Wewe hukucheka.

Ilikuwa habari ya ile njia inayotoka mitaa ya mwisho ya Mulekera, huko kwenu Beni, kwenda mashambani. Askari walikuwa wamefunga kamba pale, wanatazama kadi za watu. Kamba yenyewe hamkuikataa, na uliandika hivyo kwa haki kabisa kwenye ukurasa wa kwanza: watu wameuawa mashambani, kila mmoja anajua, ulinzi unahitajika. Lakini tangu miezi kadhaa, kabla ya kupita, kila mwanamke alipaswa kuweka jembe chini, kushika bidoni na kuteremka bondeni kuteka maji ya kituo. Ama kuokota kuni. Ama kufua nguo za askari. Safari mbili, siku nyingine tatu. Mkifika shambani jua limekwisha kupanda, na saa tisa mnapaswa kuwa mmekwisha kurudi. Aliyekataa alirudishwa nyumbani na jembe lake. Jirani yako Mama Kavugho alibeba bidoni akiwa na mimba ya miezi saba. Hilo uliliandika peke yake, kwenye mstari wake, bila neno lingine.

Wewe mwenyewe uliteka maji mara tatu kabla ya kuanza kuandika. Nilikuuliza kwa nini hukusema pale pale. "Nilikuwa nafikiri kwanza," ulinijibu. Tangu utoto ulikuwa hivyo. Nyuki akikuuma, ulikaa kimya, ukamtazama huyo nyuki, ndipo ukalia.

Ndani ya mkoba kulikuwa na kile kijitabu cha Katiba kwa Kiswahili mlichogawiwa kanisani miaka mingi nyuma. Jalada lilikuwa limetoka, nawe ulikishona kwa uzi mweusi. Nilikuwa nimeandika neno "Katiba" kwenye barua za watu pengine mara elfu moja. Kuifungua, sikuwahi.

Nilikuambia urudi baada ya saa mbili. Nikaandika. Na hapa ndipo nilipokukosea mara ya kwanza.

Kwenye daftari uliandika "kazi ya kulazimishwa". Mimi niliweka maneno ya Kifaransa yenye maana ya "usumbufu fulani". Uliandika "tunadai". Mimi niliweka "tunaomba kwa unyenyekevu". Ule mstari wa Mama Kavugho niliuacha kabisa. Nilidhani nakulinda. Hapana, nisiandike hivyo. Nilidhani najilinda mimi, kwa sababu karatasi ilikuwa inatoka kwenye mashine yangu, na tuko chini ya état de siège, wanajeshi ndio wanaotawala jimbo, na mimi nina duka moja tu.

Ulirudi, ukasoma ukiwa umesimama mlangoni ili upate mwangaza. Ulisoma mpaka mwisho. Kisha ulirudi juu.

"Kahindo, nani aliandika hii?"

"Ni miye. Nilipunguza kidogo."

"Sikukuomba kupunguza."

"Mais yaya, ile maneno iko nguvu sana. Tuko mu état de siège. Hapa sheria imelala."

Hukupandisha sauti. Ulifungua kijitabu, ukaweka kidole kwenye kifungu cha sitini na moja, ukaniambia nisome kwa sauti, kama mtoto wa darasa lako. Nikasoma. Imeandikwa kwamba hata état de siège ikitangazwa, kuna haki ambazo haziguswi: uhai, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, haki ya kujitetea. Nyingine pia. Ulinirudisha kwenye kifungu cha kumi na sita: hakuna mtu atakayelazimishwa kufanya kazi kwa nguvu. Halafu cha ishirini na saba, kile ulichokipigia mstari kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: kila Mkongomani ana haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake ama pamoja na wengine, mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna atakayeshitakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo.

"Haijalala," ulisema. "Hakuna mutu alienda kuiamsha. Andika vile niliandika."

Niliandika vile ulivyoandika. Lakini niliomba jina la duka langu lisiwe chini ya karatasi, kama ninavyoweka siku zote. Ulikubali kwa kichwa. Ulikunja karatasi ndani ya daftari, ukaniuliza kama nimekula, ukaenda kutafuta gari.

Ulipata majina thelathini. Wasiojua kuandika walipaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba. Mkuu wa mtaa alikuita: "Mwalimu, unatafuta kutuletea nini hapa?" Ulimsomea kifungu. Aliazima kijitabu, akakaa nacho siku moja. Kilirudishwa na mke wake, naye mke akasimama kwenye mlango wa jikoni kwako akasema na yeye anataka kutia jina. Akawa wa thelathini na moja. Hilo ulinieleza kwa simu. Siku ile nyingine ulinipigia kutoka njiani, unahema, nikadhani kuna shida. "Wamepiga muhuri!" ulisema. "Wameandika na tarehe!" Ulikuwa umeacha ombi kwenye ofisi ya serikali mjini na kupewa kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Ulicheka kwa sababu ya muhuri. Mimi napiga mihuri kila siku na sijawahi kuona mtu akicheka vile.

Wiki tatu baadaye ulianguka darasani. Ilikuwa hesabu ya sehemu. Watoto wanasema uliandika tatu juu ya nne, ukageuka, ukashika meza, ukakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta chaki. Walingoja uinuke. Mwenzako wa darasa la sita ndiye aliyekimbia kutafuta pikipiki. Nilipofika Beni, shemeji alikuwa amekaa nje ya hospitali, viatu vyako viko mkononi mwake, na sikuhitaji kuuliza.

Daktari alisema ni tension, presha ya damu, na kwamba ulijua tangu mwaka uliopita. Vidonge tulivikuta ndani ya boksi la chaki. Hukuniambia. Nilikasirika kwa hilo siku nyingi, na sasa ninapoliandika bado nimekasirika kidogo, basi nalo nalitia hapa.

Siku ya maziko sikulia. Nakuarifu tu. Waliniomba niandike jina lako kwenye msalaba kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri, nikaandika kwa rangi nyeupe, nikahakikisha herufi zinalingana. Korali ya kanisa iliimba. Wanafunzi wako walisimama kwenye mistari miwili bila kuambiwa.

Maneno yalianza kabla udongo haujakauka. Walisema ni karatasi. Walisema mtu hawezi kuandika juu ya askari halafu akafa hivi hivi tu. Nilirudia maneno ya daktari mbele ya kila aliyenisikiliza, wakaniitikia kwa adabu, na hawakuamini. Wiki ya pili Mama Kavugho alinipigia simu Butembo. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, nilimsikia analia nyuma ya sauti yake. Alisema, "Mutusaidie. Siye bote tunaogopa. Mututosheye majina yetu pale."

Hapa ndipo nilipokukosea mara ya pili. Sikubisha kuyaondoa. Nilifurahi. Jioni ile ile niliandika barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika: sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaondoa ombi letu, tunaomba radhi kwa usumbufu. Majina yote thelathini na moja niliyapanga kwa namba, na kando ya kila jina nafasi ya kidole. Jumapili nikaenda nayo Beni.

Tulikutana kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada, nyuma, pale wanapoanika viti. Wamama walikaa kwenye majani. Shemeji Paluku alisimama mbali kidogo, anaegemea ukuta, kwa sababu ndiye aliyenileta kwa pikipiki. Niliwasomea barua kwa Kifaransa, kisha nikaieleza kwa Kiswahili. Wakasema ni nzuri. Nikafungua kidau cha wino. Nilikuwa nimenunua wino wa kweli.

Mke wa mkuu wa mtaa ndiye aliyeinama kuangalia orodha. Anajua kusoma. Aliweka kidole kwenye namba moja.

"Na Masika? Atatia kidole namna gani?"

Nilisema haiwezekani. Nilisema kwa upande wa sheria marehemu hawezi kuondoa neno lake, na hakuna wa kuliondoa kwa ajili yake. Nilieleza kama ninavyowaeleza wateja.

"Donc jina yake itabaki?"

"Itabaki."

"Peke yake?"

Nilitazama orodha niliyoiandika mimi, nikaona kile nilichokifanya. Ningekuacha ndani ya ile ofisi, mbele ya wale wakubwa, wewe mmoja, na maneno yote ya watu thelathini yakawa maneno yako.

Mtoto wa Mama Kavugho alianza kulia, akapewa ziwa. Kisha Mama Kavugho, yeye aliyenipigia simu, alisema akimtazama mtoto, si sisi: "Alininyanganyaka bidoni, munajua? Siku ile. Alisema, munipe miye. Akaenda mara mbili, yake na yangu." Akamfuta mtoto mdomo, akasema: "Hapana. Siwezi kumuacha pale peke yake."

Sikujua habari hiyo. Hukuiandika. Kwenye mstari ule wa peke yake uliandika tu kwamba alibeba akiwa na mimba; hukuandika kwamba siku nyingine ulibeba kwa ajili yake.

Wawili walitaka kutoka hata hivyo, mama mkwe na mke wa mtoto wake, kwa sababu mwana huyo alikuwa kizuizini kwa jambo lingine na hawakutaka kuongeza mzigo. Hakuna aliyewalaumu. Niliwaandikia barua yao pale pale, ya mistari mitatu, bila kuomba radhi kwa chochote. Ile barua yangu nzuri shemeji aliichukua mikononi mwangu, akaikunja vizuri, akaiingiza mfukoni. Ndilo jambo pekee alilolifanya siku ile. Mimi nilichovya kidole kwenye wino, ingawa naweza kuandika, nikatia kidole changu na jina langu kwenye karatasi mpya ya kuunga mkono ombi lenu, na chini yake jina la duka langu, mtaa na namba ya simu. Kidole kilitoka vibaya, kama doa.

Miezi mitatu ilipita. Siku moja baada ya muda kwisha nilikuwa ofisini asubuhi, na kopi yako yenye muhuri.

Aliyekuwa mezani ni mtu wa Kasaï, aliyetumwa huku na serikali, mrefu, shati limepigwa pasi. Aliniita Madame. Alitafuta kwenye kitabu chake, akasema barua haijaonekana, nirudi. Nilirudi mara tatu. Mara ya nne aliniambia, bila kunitazama usoni, kwamba jibu limetoka. Limetiwa sahihi. Liko ndani ya droo hii. Limeandikwa kwa Madame Masika, mkononi mwake mwenyewe.

"Akuye yeye mwenyewe," alisema.

Yaya, nilikuwa nimesema neno hilo, kwamba umekufa, mara nyingi kufika siku ile. Nimelisema kwa mwalimu mkuu, kwa watu wa simu, kwa mama muuza maharagwe wa Musienene ambaye bado anakuuliza. Lakini pale nilifungua mdomo na halikutoka. Nilishika meza. Nililia mbele ya mtu yule, na foleni nyuma yangu, kwa kelele, kama mtoto aliyepotea sokoni. Alisimama akanipa kiti chake. Hakuna mkubwa aliyewahi kunipa kiti chake.

Nilipomaliza nilimwambia: alikufa. Alisema pole. Halafu akasema, basi lazima hati ya kifo. Nilileta hati ya kifo, ilichukua siku tisa. Alisoma, akasema sasa lazima hati ya kuonyesha kwamba mimi ni mrithi. Wakati huo nilikuwa nimetulia. Nilitoa kijitabu chako.

"Chef, hii jibu hapana ya marehemu. Haiko shamba, haiko nyumba. Kifungu kinasema watu wakiandika pamoja, mamlaka inawajibu. Waliandika thelathini na moja. Mmoja amekufa, wawili wametoka. Wanabaki ishirini na nane. Uchague nani unataka, nitakuletea."

Alichukua kijitabu. Alisoma kifungu kwa Kiswahili polepole, midomo inatembea, kwa sababu lugha yetu anaifahamu nusu. Kisha akasema kitu ambacho nilikishika ili nikuletee: "Nilisomaka hii ku université. Tangu naanza kazi, hakuna mutu hata mumoja alishanileteaka." Alifunga kijitabu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Lete yeyote."

Nilileta wote. Walikaa kwenye korido, kwenye ngazi, mpaka nje, ishirini na nane, na Mama Kavugho aliingia na mtoto mgongoni, akatia sahihi kwenye kitabu cha kupokelea, akakabidhiwa bahasha.

Jibu lina mistari mitano. Nimelisoma kama ninavyosoma kazi ya mwandishi mwingine: lina makosa mawili ya Kifaransa, na tarehe yake imepita muda wa Katiba kwa siku kumi na moja. Haliombi radhi. Halisemi kwamba jambo lilitokea. Linasema kwamba hakuna raia anayepaswa kufanyishwa kazi ya aina yoyote kwenye barrière, na kwamba amri imetolewa kwa kituo husika. Limetiwa sahihi. Muhuri uko wazi.

Nilitoa kopi ishirini na nane, na moja yako, ambayo shemeji anayo.

Jumanne tulikwenda kwenye kamba. Nilikwenda nao, na viatu vyangu vya mjini. Sajenti wa kituo alikuwa kijana wa upande wa Équateur, macho mekundu, amelala vibaya. Bidoni zilikuwa zimepangwa kando ya kamba kama kawaida. Mke wa mkuu wa mtaa alimpa karatasi. Aliisoma mara mbili. Aliuliza kwa Lingala, "Nani akomi oyo?" Nani ameandika hii.

Nilitaka kusema jina lako. Kwa kweli lilikuwa mdomoni. Mama Kavugho alinitangulia. Alisema, "Siye bote."

Sajenti alisema hajapata amri. Alipiga simu, hakuna aliyepokea. Tulisimama. Wamama hawakuweka majembe chini. Nilitambua baadaye kwamba hilo ndilo walilokuwa wamekubaliana. Jua lilipanda. Alipiga tena, safari hii alisikiliza kwa muda, akajibu ndiyo, ndiyo, akaweka simu mfukoni. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha aliinua kamba kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Boleka." Piteni. Tulipopita niliona askari mmoja amechukua bidoni mbili, anateremka bondeni, ananung'unika.

Sitaki kukudanganya, kwa hiyo naongeza hili. Baada ya mwezi walikuja askari wengine, nao wakaanza tena na bidoni. Wamama walitoa karatasi. Siku ya kwanza walirudishwa, siku ya pili walirudishwa, siku ya tatu mkuu wa mtaa alikwenda nao, mwenyewe, na kofia yake ya Jumapili, wakapita. Sasa wanapita. Kuna siku mbaya. Kopi ya Mama Kavugho imechanika kwenye mikunjo, ameniomba nyingine.

Jumanne ile, tulipokwisha kupita, niliwaomba wanionyeshe shamba lako. Nilijua litakuwa msitu, miezi yote hiyo bila mtu. Nilikuwa nimejitayarisha kuona majani. Mama Kavugho alinitangulia kwenye kijia, akasimama, akanionyesha kwa mkono. Yaya, shamba lilikuwa limelimwa. Lilikuwa safi kuliko ya jirani. Maharagwe yalikuwa yametoa maua, meupe na mengine ya zambarau, mistari imenyooka. Nilidhani nimepotea shamba. Akaniambia ni wao. Kila aliyepita asubuhi, hata siku zile za kuteka maji kwanza, alikuwa anaanza kwako nusu saa, ndipo anakwenda kwake. Hawakumwambia shemeji kwa sababu walidhani atakataa. Niliuliza ni nani aliyepanga zamu. Alisema hakuna aliyepanga.

Niliazima jembe, nikalima mstari mmoja. Nilikata mashina mawili ya maharagwe. Hawakucheka mpaka nilipocheka mimi.

Sasa nafunga, kwa sababu ukurasa umekwisha na kuna mtu anangoja kwenye kiti. Lala salama, yaya. Wasingya, asante kwa yote, neno ambalo sikukuambia ukiwa hai. Ninakuahidi jambo moja, na naliandika bila kulipunguzia nguvu. Wakati wa kuvuna, wiki tatu kutoka leo, nitafunga duka, nitakuja na Biira, tutapita kwenye njia ile kwa miguu yetu, na tutavuna mpaka mwisho wa shamba. Nusu tutawapelekea wamama. Katika iliyobaki Biira atachagua mbegu, kwa sababu mimi bado sijui mbegu nzuri inafananaje.

Mdogo wako,
Kahindo